Maandalizi ya Mwalimu wa Sayansi: Jaribio Kwanza, Andalio Baadaye

Katika kazi ya kuwaandaa walimu wa shule za msingi, hakuna somo linalodanganya kwa urahisi kama sayansi. Mwalimu asiyejua kuimba hawezi kulificha jambo hilo mbele ya wanafunzi wake. Lakini mwalimu ambaye hajapata kufanya jaribio hata moja aweza kufundisha sayansi mwaka mzima, ubao ukajaa, madaftari yakajaa, na mgeni aliyekuja kumkagua akaondoka ameridhika.

Muhtasari wa somo hautaki hivyo. Mitaala ya mwaka 2005 iliweka mkazo juu ya umahiri wa mwanafunzi, na mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023, ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, umeendeleza msimamo huo. Kipimo si yale ambayo mtoto aweza kuyakariri, bali yale awezayo kuyatenda: kuchunguza, kupima, kulinganisha na kutoa sababu. Maoni yetu ni kwamba mwanachuo hawezi kumfikisha mtoto kwenye kipimo hicho ikiwa yeye mwenyewe hajakifikia. Na tukisema kweli, sisi wakufunzi mara nyingi hatujamdai akifikie.

Tutoe mfano. Katika msimu mmoja wa mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya darasa katika shule moja ya milimani huko Mbinga. Mwanachuo alifundisha mmomonyoko wa udongo. Andalio lake lilikuwa safi, sauti yake ilisikika, na mchoro wake wa mlima ulipendeza. Alipouliza njia za kuzuia mmomonyoko, mtoto mmoja alisimama akajibu, “Ngoro.” Mwanachuo, ambaye kwao ni mbali na Mbinga, hakulijua neno hilo. Akasema, “Hapana. Mwingine?” Yule mtoto akaketi, wala hakunyosha mkono tena. Nje ya dirisha, mteremko mzima ulikuwa umechimbwa ngoro.

Nasi tulimpa mwanachuo yule alama nzuri, kwa sababu fomu yetu haikuwa na mahali pa kuandika yaliyompata yule mtoto.

Ngoro ni kilimo cha Wamatengo cha tangu zamani. Wanaume hufyeka nyasi, huziacha zikauke, kisha huzilaza katika miraba juu ya mteremko. Wanawake hufukua udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo huo. Mlima hujaa mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, na mahindi hufuata. Mvua inaponyesha, maji hukusanyika shimoni badala ya kuteremka kwa kasi. Udongo unaosombwa hunaswa humo humo, na nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikwenda Mbinga kukichunguza kilimo hicho. Watu walitoka Japani kuja kujifunza jambo ambalo katika darasa letu lilijibiwa “hapana”.

Kwa hiyo tulirudi chuoni tukalifanya jaribio sisi na wanachuo. Debe la bati lilikatwa kwa urefu, tukapata vyombo viwili. Kila kimoja kilijazwa udongo wa aina moja na kuinamishwa. Katika kimoja udongo ulisawazishwa. Katika cha pili tulifukia nyasi na kutengeneza vishimo kwa dole gumba. Kila chombo kilimwagiwa kopo moja la maji kupitia mkebe uliotobolewa, na maji yaliyoteremka yakakingwa katika glasi. Wanachuo walipima wingi wake na kutazama ni glasi ipi yenye matope zaidi.

Kikundi kimoja kilipata matokeo ya kinyume: maji mengi yalitoka upande wa ngoro. Palikuwa na mabishano, hata mmoja wao alipogundua kwamba chombo cha ngoro kiliinamishwa zaidi kuliko cha pili. Walikuwa wamebadili mambo mawili kwa wakati mmoja. Siku hiyo walifahamu maana ya jaribio la haki kuliko walivyofahamu kwa maelezo yetu ya muhula mzima. Mwanachuo aliyekosea hivyo chuoni atalitambua kosa lile lile litakapofanywa na watoto wake. Asiyepata kukosea atawaambia tu, “Andikeni jibu la kitabuni.”

Yako majibu ya kitabuni ambayo nchi yenyewe huyasahihisha. Tumezoea kuandika ubaoni kwamba maji huchemka kwenye nyuzi joto 100. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na hapo kipimajoto kizima huonyesha nyuzi 95 au 96 hivi. Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, iko chini ya mita 500, na hapo husoma karibu nyuzi 98. Mwalimu aliyekariri atasema kipimajoto kimeharibika. Mwalimu aliyepima atauliza kwa nini, na atawaongoza watoto kwenye kanieneo ya hewa, ambayo hupungua kadiri tunavyopanda juu. Hapo hata maharage ya milimani yanayochelewa kuiva huwa sehemu ya somo.

Lipo pia kosa la upande wa pili. Tumeona darasa likipelekwa ufukweni kutazama usipa wakianikwa. Watoto walifurahi, wakarudi, na kipindi kikaishia hapo. Mazingira si badala ya muhtasari. Ni njia ya kuufikia. Watoto wale wangaliupima uzito wa bakuli moja la usipa asubuhi na kuupima tena jioni, wangalijua kwamba samaki amepoteza maji, na wangaliweza kueleza kwa nini samaki mkavu haozi upesi. Tofauti ya matembezi na somo ni swali moja na mizani.

Wako watakaosema kwamba madarasa yana watoto wengi, kipindi ni dakika 40, na mtihani unangoja. Hoja hiyo ina uzito, wala hatudai kila mada ifundishwe kwa jaribio. Twadai mada chache zichaguliwe na kufanywa barabara. Wala jambo hili si geni kwetu. Tangu miaka ya 1960 Tanzania ilishiriki pamoja na nchi nyingine za Afrika katika mpango wa sayansi ya shule za msingi uliotumia mchanga, maji, mbegu na wadudu wa uwanjani. Eleanor Duckworth alipoutathmini mpango huo nchini Kenya, aliwawekea watoto vifaa na kutazama wanavyovitumia. Waliofundishwa kwa njia hiyo walibuni mambo mengi zaidi, na yenye undani zaidi, kuliko wenzao.

Twapendekeza mambo matatu. Kwanza, mwanachuo asiende kwenye mazoezi ya kufundisha kabla hajafanya kwa mikono yake majaribio ya mada atakazofundisha na kuandika matokeo yake, pamoja na yaliyoharibika. Pili, siku zake za kwanza kijijini azitumie kutembea na kuuliza. Mkulima wa ngoro, mkulima wa kahawa na mvuvi wa Liuli au Lituhi wamwambie wanayoyafanya na majina wanayoyatumia, naye ayapange dhidi ya mada za muhtasari. Tatu, sisi wakufunzi tubadili fomu zetu. Badala ya kuuliza tu kama zana zilikuwepo, tuulize: wanafunzi walipima nini? Walitoa jibu gani lisilotazamiwa, na mwanachuo alilipokeaje?

Ndugu wanachuo, wengi wenu mtapangiwa shule zilizo mbali na kwenu, na watoto watatumia maneno msiyoyajua. Msione haya kuuliza. Mtoto akijibu “ngoro”, neno la kwanza la mwalimu na liwe, “Hebu tueleze.” Kisha chukueni debe, udongo na maji, mpime pamoja naye.