Mwanafunzi wa Uuguzi Afunzwe Kutazama



Mke wa mvuvi mwenzetu hapa Todonyang alikwenda zahanati mara nne, akisema anatokwa na damu. Kila mara alipewa vidonge vya maumivu. Hakuna aliyemtazama. Alipofikishwa Lodwar, kansa ya mlango wa kizazi ilikwisha kuenea. Mume aliuza mashua na nyavu kwa gharama za safari na matibabu. Leo ni kibarua katika mashua ya mtu mwingine.

Je, tumlaumu nesi? Mimi simlaumu. Mtu hawezi kutambua asichoonyeshwa.

Kansa hii haiji kwa ghafula. Huletwa na kirusi cha HPV, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kukomaa. Kwa mwenye UKIMWI asiyetumia dawa, yaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Nesi aliyefundishwa hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, hungoja dakika moja, kisha hutazama kwa taa. Palipoanza kuharibika hugeuka peupe, na mara nyingi hutibika siku hiyo hiyo. Tena tangu Oktoba 2019 Kenya inawachanja wasichana wa miaka 10. Hata hivyo, ilikadiriwa kwamba mwaka 2020 kansa hii iliua wanawake zaidi ya 3,000 nchini.

Lodwar kuna chuo cha KMTC kinachofundisha wauguzi. Wengine wao kesho watafanya kazi peke yao katika zahanati za mpakani. Maoni yangu ni haya: mwanafunzi asipewe cheti mpaka awe amepima wanawake kwa mikono yake, mwalimu akiwa kando. Tena ajue kuuliza mambo haya kwa Kiturkana na kwa heshima, maana mama hatatoa siri ya mwili wake kupitia mkalimani.

Wako watakaosema haya si mambo ya chama. Si kweli! Mfanyakazi anayeuza chombo chake cha kazi kwa ajili ya ugonjwa ambao ungezuiliwa kwa siki na taa amepunjwa sawa na aliyekatwa mshahara. Vyama vya wauguzi na matabibu vinapojadiliana na serikali ya kaunti, viweke dai hili pamoja na madai ya mshahara, nasi tuwaunge mkono.

Umoja ni nguvu.

Mvuvi, Todonyang