Farkwa nayo inywe

Kiangazi, mto Bubu hapa Farkwa, wilayani Chemba, huwa mchanga mtupu. Mama zetu hufukua, wakasubiri maji yajikusanye chini, kisha huyachota kwa kata, kidogo kidogo, hadi dumu la lita 20 lijae. Wasandawe wameishi huku miaka nenda rudi, kwa mtama, uwele na asali ya porini.

Sasa limepangwa bwawa hapa kwetu la kupeleka maji Jiji la Dodoma. Silipingi hata kidogo. Watoto wetu wanaishi huko. Lakini watu wa vijiji vya Mombose na Bubutole ndio walioambiwa wapishe, waache mashamba waliyorithi. Kwa hiyo nadai wazi: bomba la kwanza lifunguliwe vijijini kwetu, na fidia ilipwe kabla tingatinga halijafika.