Motokaa Iliyoachwa Shambani Kwako

Huenda hata nyumbani kwako iko moja. Pikapu kuukuu imesimama chini ya mwembe, magurudumu yamenywea, kuku wanatagia kitini, na majani yameota mpaka mlangoni. Aliyeileta alisema, "Mama, niwekee siku mbili tu, nakwenda kutafuta spea." Siku mbili zimekuwa miaka miwili.

Mama mmoja mjane wa hapa kwetu Kenya alinijia ofisini kwa jambo hilo hilo. Pikapu ile ilikuwa imekalia mahali alipozoea kupanda mahindi na maharagwe, na mafuta machafu yametonea udongoni. Lakini si mahindi yaliyomleta. "Karani, mwanangu," akaniambia, "mjukuu wangu amekwisha patana bei na mnunuzi wa vyuma chakavu. Jumamosi wanakuja kuikata. Nami sikulala."

Mjukuu alikuwa na maneno yake: shamba ni letu, gari ni takataka, mwenyewe amelitupa. Watu wengi husema hivyo, na kwa kweli mtu akiudhika miaka miwili ni vigumu kumlaumu. Lakini sheria haisemi hivyo. Katika Sheria ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kuiba si kuvunja mlango usiku peke yake. Kukigeuza kitu cha mwenzako kuwa chako, bila haki na kwa hila, nako ni kuiba. Aliyeokota kitu kilichopotea aweza kujitetea ikiwa hakumjua mwenyewe, tena aliamini kwa sababu za maana kwamba hawezi kupatikana. Sasa, motokaa ina nambari mbele na nyuma, na nyingine imepigwa kwenye chesisi. Utamwambia nini hakimu? Kwamba hukuiona?

Wizi wa motokaa una kifungu chake peke yake, cha 278A, na adhabu yake yaweza kufika miaka 7 gerezani. Kuharibu kusudi mali ya mtu yaweza kufika miaka 5. Na mnunuzi naye, akipokea mali ya wizi hali anajua, yaweza kumfika miaka 14. Nilimwita yule kijana nikamsomea haya polepole. Alinyamaza kitambo, kisha akampigia simu mnunuzi asije.

Basi tulifanyaje? Kwanza hatukugusa kitu. Kijana alitoa simu yake akapiga picha pande zote, hata ndani, nami nikaandika: nambari ya gari, rangi, betri haipo, taa moja imevunjika, kioo cha nyuma kina ufa. Naibu wa chifu akatia sahihi kuwa ameona. Kazi hii huonekana ya bure, lakini siku mwenyewe atakapokuja na kudai kwamba aliacha redio mpya na magurudumu manne mazuri, ndipo utaijua faida yake.

Halafu tukaenda kituo cha polisi. Watu wa vijijini huogopa kituo, wakidhani wataulizwa wao. Hata hivyo polisi hupita kabla ya mambo yote mengine, kwa sababu gari lililoachwa huenda liliibwa kwingine, au lilitumiwa katika uhalifu. Ukilificha mwaka mzima bila kusema, wewe ndiwe utakayetakiwa kueleza. Ukilitangaza mwenyewe, jambo lako huandikwa katika kitabu cha matukio, nawe hupewa nambari ya OB. Usiondoke kituoni bila nambari hiyo. Iandike mahali pawili.

Gari lile halikuwa la wizi. Ikabaki kumtafuta mwenyewe. Jina la mwenye gari liko katika daftari la NTSA, na huulizwa kwa nambari ya gari kupitia eCitizen, kwa kulipa ada. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humhesabu aliyeandikwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Jina lililotoka halikuwa la yule aliyeomba siku mbili! Hapa pana ugonjwa mkubwa katika nchi yetu: mtu huuza gari, hupokea fedha, na kubadili jina hakubadili, ingawa sheria humtaka afanye hivyo katika siku 14.

Tukawaandikia wote wawili, kila mmoja barua yake, na nakala tukaweka. Barua ilisema gari liko wapi, tangu lini, lina hali gani, limemletea mama hasara gani, nambari ya OB, na kwamba aliondoe katika siku 30. Hatukutia tusi wala kitisho.

Wengine huniuliza, siku 30 zikiisha, je, naweza kuliuza? La. Watu huchanganya jambo hili na Sura ya 38, sheria ya mali isiyochukuliwa. Hiyo ni ya fundi au gereji aliyepokea kitu kukitengeneza katika biashara yake, naye mwenyewe akakiacha bila kulipa. Ndizo zile taarifa utakazoziona katika Gazeti Rasmi la Serikali: mwenye gari aje katika siku 30 alipe na kulichukua, la sivyo litauzwa mnadani, na fedha itakayozidi deni ni yake. Ikiwa wewe ni fundi, fuata sheria hiyo hatua kwa hatua, usijiuzie nyuma ya gereji.

Mama yetu si fundi, wala hakupokea kitu kwa biashara. Kwake njia iliyobaki ni mahakama. Hasara ya shamba isiyozidi shilingi 1,000,000 yaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, na huko mtu aweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Akishinda na mdaiwa asilipe, mahakama yaweza kuamuru mali ya mdaiwa ishikwe na kuuzwa na dalali wa mahakama. Dalali huyo huuza kwa amri. Mjukuu hana amri.

Hatukufika huko. Siku ya ishirini na mbili aliyeandikwa daftarini alipiga simu, amefadhaika, maana hakujua kama bado anahesabiwa mwenye gari. Yeye ndiye aliyemfukuzia mnunuzi wake mpaka akapatikana. Bwana yule alikuja na fundi na kamba, akitaka kuondoka mara moja, tena kana kwamba ndiye aliyekosewa. Mama akamwekea kiti. Kwanza wakakubaliana fidia ya mahindi, ikalipwa mbele ya naibu wa chifu. Kisha akaandika kwamba amelipokea gari lake kama lilivyo katika picha, akatia sahihi na nambari ya kitambulisho. Ndipo kamba ikafungwa.

Kesho yake mama na mjukuu walirudi kituoni na karatasi ile, ili iandikwe chini ya nambari ile ile ya OB kwamba gari limekwisha chukuliwa.