Kobe ndani ya mkoba wa ndege

Wapo wanaodhani kupanda ndege na kobe mdogo mkobani si neno, maadamu halii wala hana manyoya. Mimi nasema ni neno kubwa.

Kobe aonekanaye mzima kabisa huweza kubeba vijidudu vya salmonela tumboni na kuvitoa kwa kinyesi. Hushika gambani, mkobani, kisha mikononi mwako. Sasa ndani ya ndege, chakula kiko mapajani, pembeni mtoto ananyonya vidole! Mtu mzima aghalabu ataharisha siku chache apone. Kwa mtoto mchanga vijidudu vyaweza kuingia kwenye damu. Marekani ilikataza tangu 1975 kuuza kobe wenye gamba lisilofika inchi 4, sababu ni watoto kuugua.

Kobe bapa wa majabali ya kwetu ndiyo kabisa: tangu 2019 mkataba wa CITES unakataza biashara yake ya kimataifa. Kumfunga utepe asitikisike, apite kwa siri, ni dhulma.

Unahama na huna budi? Anza kwa daktari wa mifugo, vibali na shirika la ndege. Ukimgusa, nawa kwa sabuni kabla ya kushika chupa ya mtoto. Na udhu wa maji matupu usikudanganye, hapa pana sabuni.