Vidio Inaisha Stika Ikiwa Bado Inang'aa

Wasee, leo naanza kwa kujishtaki mwenyewe, ndio nikifika kwa wengine msiseme ni wivu.

Mwaka jana niliposti vidio ya sekunde arobaini kuhusu stika za 3D, zile zinavimba kama kioo juu ya jina. Stika ya duara, maandishi meusi, mimi na sirinji, nadondosha resini katikati. Resini inatambaa mpaka ukingoni, inasimama hapo bila kumwagika, inavimba kama tone la maji juu ya jani la kabeji. Nikaweka muziki, nikaandika: "Anza hii biashara na elfu tano tu." Hakuna vidio yangu imewahi kutazamwa kama hiyo.

Oda ikaja hapa hapa Burnt Forest. Stika 30 za wasee wa nduthi wa stegi moja, shilingi 150 kila moja, za kubandika kwa tangi. Siku ya kwanza zilipendeza, nikazipiga picha, nikaposti tena. Miezi minne baadaye mzee mmoja wa hiyo stegi akanisimamisha kando ya barabara ya Eldoret. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kijana, kuja uone kazi yako." Stika ilikuwa imegeuka rangi kama chai ya strungi, ukingo umeinuka, ukiigusa kwa kucha inabanduka. Nilirudisha pesa yote, 4,500. Wengi wao walikuwa wameshazitupa kitambo.

Hiyo ningeimeza. Kilichoninyima usingizi ni meseji ya kijana fulani aliyemaliza Fomu Foo. Alikuwa ameona vidio yangu, akakopa pesa ya maziwa ya mama yake, akanunua resini, akamwagia stika 60 kwa usiku mmoja. Asubuhi zote zilikuwa zinanata kama asali. Akaniuliza, "Buda, nilikosea wapi?"

Na mimi nilikuwa sijui.

Nilimfundisha mtu kitu ambacho mimi mwenyewe sikukielewa. Nikiangalia TikTok na YouTube leo, naona wengi wanafanya nilichofanya, tofauti ni kwamba wao wanalipisha. Kosi ya siku mbili, cheti chenye muhuri, halafu mwalimu huyo huyo anakuuzia resini. Na vidio zao zote zinaisha mahali moja: stika ikiwa na masaa machache, inang'aa, taa imepigwa vizuri. Hakuna anayerudi kutuonyesha stika hiyo hiyo ikiwa na miezi sita kwa jua. Ndio maana nasema wazi: mnauzia vijana mng'aro wa siku moja mkiuita biashara.

Uongo wa kwanza ni kwamba resini ni resini. Si kweli. Inayouzwa kwa urahisi ni epoksi, ile ya kumwagia meza na kutengeneza hereni. Ndani ya nyumba ni sawa. Lakini epoksi ya kawaida hugeuka manjano ikipigwa na miale ya jua, na dawa zinazoongezwa ndani kuzuia hilo huchelewesha tu. Tena hukauka ikiwa ngumu, kwa hivyo ukiibandika kwa tangi lililopinda, inataka kurudi kuwa bapa na ukingo unainuka. Stika za kukaa nje humwagiwa poliyurethani, ile aina isiyogeuka manjano, inayoitwa alifatiki, ambayo hubaki laini kidogo hata ikishakauka. Ni ghali zaidi na ni ngumu zaidi kuitumia. Sasa fikiria sisi tuko wapi. Burnt Forest iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na ikweta iko hapa jirani. Jua letu linadanganya. Umevaa jaketi nzito lakini miale inachoma. Kumuuzia mtu wa nduthi stika ya epoksi hapa ni kumuuzia kitu unachojua kitaharibika. Sasa najua. Wale wanaofundisha walipaswa kujua kabla yangu.

Uongo wa pili ni kwamba unaweza kufanyia popote. Yule kijana alimwaga usiku, mwezi wa saba, chumba cha mabati. Resini nyingi hutaka joto la nyuzi 20 hadi 25 na zikae hivyo mpaka zikauke. Huku kwetu usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kwenye baridi hiyo resini inakuwa nzito, mapovu yanakwama ndani, na hadena haimalizi kazi. Epoksi ikipata baridi na unyevu pamoja hutoa utando wa mafuta juu. Na vijana wengi wakiona haikauki wanaongeza hadena. Hapo ndio unaharibu kabisa, kwa sababu kila resini ina kipimo chake na hadena ikizidi inabaki humo bila cha kushikana nacho, stika inanata milele.

Mtu wa Mombasa naye ana shida nyingine: joto linafanya mchanganyiko ugande haraka, na poliyurethani ikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi, stika inajaa vipovu. Sijawahi kuona kosi hata moja ikimuuliza mwanafunzi anaishi wapi.

Uongo wa tatu ndio unanikasirisha zaidi, kwa sababu huu si wa pesa. Ni ule wa kunyamaza. Kwa vidio utaona mtu anachanganya kwa mikono mitupu, dirisha limefungwa, kitanda kiko nyuma yake. Epoksi mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kukuletea mzio, na ukishaupata, hata tone dogo baadaye linatosha kukuwasha. Hadena ya poliyurethani ina kemikali zinazoitwa isosayaneti, ambazo zinajulikana kusababisha pumu kwa wafanyakazi. Poliyurethani nyingine za zamani zilitengenezwa kwa zebaki kama kichocheo. Umoja wa Ulaya ulizuia aina tano za kemikali hizo za zebaki kuanzia 2017. Kwa hivyo ukiuziwa chupa haina karatasi ya maelezo, uliza swali moja: ina zebaki? Asiyeweza kukujibu, usinunue kwake. Vijana wetu wengi wanalala, wanapika na wanafanya kazi chumba kimoja. Kumfundisha mtu kama huyo bila kutaja glavu na dirisha ni kumkosea.

Najua mtakachosema. "Unaharibia watu hasla." "Kila mtu huanza kwa makosa." "Elimu ya mtaani haina cheti." Mimi niliacha chuo, siko hapa kutetea vyeti. Na makosa si aibu. Lakini makosa yanafaa kuwa kwa stika tano zako mwenyewe, si kwa stika 60 za pesa ya maziwa, na si kwa tangi la mzee aliyekulipa. Fundi wa kuchomelea pale senta huanza kwa vipande vya chuma vilivyotupwa. Hakuna anayempa geti la mtu siku ya kwanza. Kwa nini resini iwe tofauti? Kwa sababu iko kwa simu na ina muziki?

Kama bado unataka kuanza, na mimi nataka uanze kwa sababu kazi ni nzuri na wateja wapo, basi anza hivi.

Usinunue lita. Nunua kipimo kidogo kabisa utakachopata, pamoja na mizani ndogo inayosoma gramu, glavu, sirinji na pima maji. Kwa hesabu yangu, nilipita elfu kumi na mbili kabla ya kupata stika moja ya kuuza, kwa hivyo elfu tano niliyowaambia ilikuwa hewa.

Chapisha stika zako kwa vinili nzuri na uache wino ukauke siku nzima. Kata maumbo ya duara au yenye kona za mviringo, kwa sababu kona kali resini huikimbia. Herufi moja moja nyembamba ziache kwanza. Anza na jina likiwa ndani ya duara. Toa mabaki yote pembeni ya stika, kwa sababu resini husimama pale ukingo uliokatwa ulipo. Ukingo ukiwa na mabaki, inamwagika.

Bandika karatasi yote juu ya kioo au taili, upime kwa pima maji pande zote. Meza ikiinama kidogo tu, resini yote inakimbilia upande mmoja.

Piga hesabu kabla ya kuchanganya. Duara la sentimita 5 lina eneo la karibu sentimita 20 za mraba. Ukitaka unene wa milimita 1.5, unahitaji karibu mililita 3. Changanya polepole dakika chache ukikwangua kuta za kikombe, kwa kipimo kilichoandikwa kwa chupa yako, si cha YouTube. Soma pia kama ni kipimo cha uzito au cha ujazo, maana si kitu kimoja.

Kwa sisi wa baridi, mimi nilitengeneza sanduku kama la kulelea vifaranga, lenye balbu ya kupasha joto na kipimajoto ndani. Stika zinalala humo zimefunikwa, vumbi lisiingie. Jiko la makaa achana nalo: majivu yanatua juu ya stika, na moshi kwa chumba kilichofungwa unaua mtu.

Halafu hatua ambayo hakuna kosi inafundisha: usiuze. Tengeneza kumi, bandika tano kwa bati lililopakwa rangi, uliweke juani, na tano uzifungie kwa droo. Kila mwezi ziweke pamoja uzipige picha. Zikifika miezi sita na bado huwezi kutofautisha, sasa nenda stegi ukatafute oda.

Kwa wale wanaouza kosi, ombi langu ni hilo hilo. Andikeni tarehe nyuma ya stika moja, muiweke juani, mrudi nayo kwa kamera baada ya miezi sita. Ikiwa safi, nitakuwa wa kwanza kuwatangaza, tena bure. Mkikataa, wanafunzi wenu wajiulize kwa nini.

Yule kijana nimemrudishia nusu ya alichopoteza na nusu nyingine namlipa polepole. Msinisifu, hilo ni deni. Na ile vidio yangu ya sekunde arobaini sijaifuta. Nimebandika chini yake picha ya stika ya yule mzee, vile ilivyo sasa. Tazameni zote mbili.