Barua kwa depite: tuombe jambo moja

Ndugu wafanyakazi, na ninyi bamama wa Kakanda, tuseme ukweli: sisi tunaandikaka barua za kulia. Ile ya mwisho tuliyomwandikia depite mmoja ilikuwa na kurasa ine na maombi munane: mayi, barabara, masomo ya batoto, vumbi, kazi ya vijana, hata uwanja wa mpira. Ukurasa mzima wa kwanza tulikuwa tunamsifu tu. Tukampa mtu aipeleke. Tulipoenda kuuliza, sekreteri akasema hakuona karatasi yoyote. Na kopi hatukuwa nayo. Tungebishana naye na nini?

Depite hachimbi kisima. Kazi yake ni kupiga kura sheria na kuangalia serikali. Katiba, kifungu 138, inamruhusu kumwuliza waziri swali kwa maandishi. Basi tumwombe hilo: aulize. Kode ya Madini iliyobadilishwa 2018 inasema 15% ya redevansi, ile franga kampuni inalipa juu ya madini inayouza, iende kwa entite ya mahali madini yanapochimbwa. Tuandike: mwaka uliopita iliingia ngapi kwetu, na ilijenga nini? Mistari kumi inatosha. Ukilia, watakuambia "tutaona". Ukiomba hesabu, hiyo "tutaona" haitoshi tena.

Wengine wanaogopa kutia mukono, juu ya kazi yao. Tunawaelewa. Lakini kifungu 27 cha Katiba kinasema kila Mukongomani anaweza kupeleka petisyo kwa mamlaka ya serikali, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka inapashwa kujibu katika miezi mitatu. Tena hakuna mtu wa kushitakiwa juu ya hiyo. Kweli, Katiba haimkatazi shefu wa ekipe kukuangalia vibaya. Ndiyo maana majina yawe mengi, yapangwe kwa alfabeti, isijulikane nani alianza.

Halafu tuchape mara mbili. Moja inabaki kwa depite. Ya pili sekreteri aipige kashe na tarehe, mbele yetu. Akikataa, tusimwachie hata ile ya kwanza. Tuirudishe kesho tukiwa wengi. Kopi yenye kashe ikae kwa delege wa sendika, si chini ya godoro ya mtu. Toka siku hiyo tunahesabu miezi mitatu. Ikiisha bila jibu, tunarudi na kopi mukononi, bamama mbele.