Mtoto Huyu Si Mvivu

Walimu wenzangu, liko neno moja lisemwalo kila siku katika shule zetu, nalo ni neno "mvivu". Neno hili ni jepesi kinywani, walakini likitupwa kwa watoto fulani huwa dhuluma. Watoto ninaotaka kuwasemea leo ni wale waliozaliwa na kasoro ya moyo.

Asidhani mtu ya kuwa watoto hao ni wachache mno. Katika kila watoto 100 wazaliwao duniani, karibu mmoja huzaliwa na kasoro hiyo. Mmoja ana tundu katika ukuta utengao vyumba vya moyo. Wa pili mshipa wake wa kupeleka damu mapafuni ni mwembamba. Wa tatu mishipa yake mikubwa miwili imebadilishana mahali, hata damu isiyo na hewa safi yarudi tena mwilini bila kupita mapafuni. Zamani wengi wenye kasoro kubwa walikufa kabla ya kufika umri wa kwenda shule. Tarehe 29 Novemba 1944, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, daktari Alfred Blalock alimpasua mtoto mdogo ambaye mwili wake ulikuwa umegeuka rangi ya samawati kwa kukosa hewa. Wazo la kazi hiyo lilitoka kwa daktari Helen Taussig. Na nyuma ya Blalock alisimama Vivien Thomas, mtu mweusi asiye na cheo cha udaktari, akimwelekeza, kwa kuwa ndiye aliyekwisha kuijaribu kazi ile mara nyingi kwa mbwa. Tangu siku ile elimu ya kutengeneza moyo imekua sana. Hapa kwetu, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, huwapasua watoto wa namna hii. Basi watoto ambao zamani wangalikuwa kaburini, leo wameketi madarasani mbele yetu.

Hapo ndipo kosa letu huanza. Twasikia ya kuwa mtoto amepasuliwa na kupona, nasi twaona ya kuwa shauri limekwisha. Kisha twamtazama darasani. Asomewapo imla huacha maneno katikati. Aagizwapo mambo matatu kwa pamoja hutenda la kwanza, akasahau mawili. Hesabu yenye hatua nyingi huianza vizuri, akapotea njiani. Kengele yalia, naye angali katika swali la nne. Mwalimu hukunja uso akasema, "Moyo umekwisha kutengenezwa, hana udhuru tena, huu ni uvivu mtupu." Kisha hutafuta fimbo.

Nauliza: nani aliyetuambia ya kuwa moyo na ubongo havina shirika? Ubongo huishi kwa damu iletwayo na moyo. Mtoto angali tumboni, kasoro kubwa ya moyo yaweza kuupunguzia ubongo hewa uihitajiyo ili ukue. Madaktari waliopiga picha za ubongo wa watoto wachanga wenye kasoro kubwa waliona ya kuwa wengi wao ubongo haujakomaa kama wa watoto wengine wa umri wao, hata kabla ya kupasuliwa. Juu ya hayo huja upasuaji wenyewe, na siku nyingi za kulala hospitali.

Mjini Boston, tangu mwaka 1988, madaktari waliwafuata kwa miaka mingi watoto waliozaliwa na ile mishipa miwili iliyobadilishana mahali, nao walikuwa wamepasuliwa wangali wachanga. Habari zao za umri wa miaka 16 zilichapishwa mwaka 2011. Akili zao kwa jumla hazikuwa mbali na za wenzao. Lakini wengi walipata taabu katika kutuliza mawazo, kukumbuka, na kupanga kazi, na zaidi ya nusu walikuwa wamehitaji msaada wa pekee katika masomo au mwenendo. Mwaka 2012 Chama cha Moyo cha Marekani kiliwashauri madaktari wawapime watoto wa namna hii maendeleo ya akili tangu utotoni, wala wasingoje mpaka washindwe shuleni.

Sisemi ya kuwa wote wako hivyo. Wako wenye tundu dogo lililojifunga lenyewe, nao husoma kama wengine. Nasema ya kuwa mwalimu hana haki ya kuhukumu kabla ya kuuliza.

Najua majibu nitakayopewa. Wa kwanza atasema, "Samaki mkunje angali mbichi." Kweli, lakini methali haikusema umvunje. Fimbo yaweza kumwogofya mtoto, haiwezi kumwongezea kumbukumbu. Wa pili atasema, "Nikimwongezea muda nitawadhulumu wenziwe." Je, mtoto asiyeona mbali akivaa miwani, amemwibia nani? Wa tatu, naye ndiye nimwogopaye zaidi, atasema kwa huruma, "Mwacheni akae tu, maskini, asichoke." Huyu hapigi, lakini amekwisha kumtoa mtoto shuleni hali angali kwenye dawati. Mtoto huyu aweza kujifunza. Njia yake ndiyo inayotaka hatua fupi.

Wala msiniambie ya kuwa darasa lenye watoto 80 halina nafasi ya mambo haya. Kumketisha mtoto mbele, mbali na dirisha, ni kazi ya dakika moja. Mwagize neno moja, akilimaliza mpe la pili. Andika ubaoni hatua za hesabu ndefu. Mwongezee dakika chache, upime anachokijua, wala si mbio zake. Waulize wazazi habari za kupasuliwa kwake, uwaambie nao uyaonayo darasani, wapate kumweleza daktari; maana daktari humwona mara chache kwa mwaka, nasi twamwona kila siku. Tena, wengi wasiokuwa na ugonjwa wowote watafaidiwa na ubao ule ule.

Hospitali imewarudisha watoto hawa kwao wakiwa hai, kwa gharama kubwa na kwa machozi ya mama zao. Ni aibu kwetu kama walivuka kisu cha daktari, kisha wakashindwa kuvuka ulimi wa mwalimu. Kwa hiyo, mwenzangu, siku utakaposhika kalamu kuandika "mvivu" katika ripoti ya mtoto, iweke chini kwanza, ukaulize kwao habari za moyo wake.